qBittorrent: nyota nne, na bando langu moja

Mimi ni fundi kompyuta, kibanda kiko Barabara ya 12, Tanga. Miezi minane sasa mafaili mazito nayashusha kwa qBittorrent, programu ya torenti, yaani ya kugawiana mafaili moja kwa moja na kompyuta za watumiaji wengine. Ni ya bure, haina matangazo, wala wakati wa kuiweka haikuchomekei kidude usichokiomba.

Iliniteka siku nilipokuwa nashusha Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, karibu GB 6, kwa ajili ya laptopu ya mwalimu mmoja. Nimefika asilimia 71, umeme huo ukakatika! Uliporudi, programu ikakagua vipande vilivyokwisha kuingia, ikaendelea palepale. Torenti hulikata faili vipande vidogo vidogo, kila kimoja na alama yake ya uhakiki. Kikiharibika njiani, kinaombwa hichohicho tu. Ni ubunifu wa Bram Cohen wa mwaka 2001, na kwa umeme wetu huu sijaona wa kuushinda.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya bando, ingawa uzembe ulikuwa wangu. Faili likishakamilika, mashine yako inaendelea kuwagawia wengine. Nililala nikaiacha wazi. Asubuhi bando la wiki halipo. Ukishaiweka tu, ingia kwenye mipangilio uweke kikomo cha kasi ya kupandisha.

Na kugawa huko ndiko kwenye kesi. Wateja huja: "Fundi, nitolee ile muvi mpya kwa torenti." Nakataa, na wengine hununa. Mtoto wa mjomba wangu yuko Hamburg. Alishusha filamu moja tu, akaletewa barua ya wakili inayodai mamia ya yuro kwa kosa la kusambaza. Kumbe anwani ya IP (namba inayoutambulisha mtandao unaotumia) ya kila aliyemo kwenye mgao inaonekana na wenzake wote, wakiwemo wanaowinda kwa niaba ya wenye filamu. Wale wa The Pirate Bay, tovuti ya torenti ya Sweden, seva zao hazikuwa hata na filamu, ni torenti tu, yaani vifaili vidogo vya kukuelekeza kwa wenye filamu hiyo. Mwaka 2009 mahakama ya Stockholm ikawahukumu wanne mwaka mmoja jela kila mmoja. Kwenye rufaa kifungo kikapungua, fidia ikapanda. Na sisi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, msidhani hapa ni shamba la bibi.

Anayetaka Ubuntu aje na flashi tupu ya GB 8. Kuiandaa ni elfu tano.