TAHADHARI: kazi za kempu kwa wenye RV huku Marekani, tumepigwa kwa hundi feki

Ndugu zangu mnaoishi kwenye RV (gari au trela ya kuishi ndani) au mnaofikiria kuingia kwenye maisha haya, naomba msome hii na mumtumie yeyote anayetafuta kazi ya msimu kwenye kempu (sehemu za wageni kuegesha RV na kulala) mwaka huu. Mimi na mume wangu tumepigwa dola 2,250, na mbaya zaidi huyo tapeli tulishampa Social Security namba zetu (namba za utambulisho za serikali huku) na picha za leseni zetu zote mbili. Kama wiki hii umeweka benki hundi ya mtu usiyemjua, acha kusoma kwanza, piga simu benki yako, halafu urudi.

Sisi ni mwaka wa 3 huu tunaishi kwenye trela. Wakati wa baridi tunakaa Quartzsite kule Arizona kwenye ardhi ya BLM (idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma), sisi tulilipa dola 180 kukaa msimu mzima kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili, kwenye saiti hamna umeme wala bomba, ni solar yako na maji unajibebea. Joto likishaanza lazima upande kaskazini, na huko ndo kempu zinatafuta watu wa kusafisha vyoo, kukata majani, kupokea wageni, kuuza kuni. Malipo makubwa ya kazi hizi ni saiti yenyewe, yaani unapewa sehemu ya kuegesha yenye maji, umeme na bomba la maji taka, ambayo ukiikodi kwa hela yako mwezi mzima utalia. Kwa hiyo mtu akikwambia nakupa saiti bure na mshahara juu, moyo unaruka, na huyu alijua kabisa moyo utaruka.

Mwezi wa 2 niliweka tangazo kwamba tuko wawili, trela ya futi 31, tunaweza kuanza Mei. Haikupita siku nikapata meseji ya mtu anayejiita meneja wa kempu moja karibu na West Yellowstone, Montana. Kempu hiyo ipo kweli, sitaitaja kwa sababu na wao wameibiwa jina. Akasema dola 24 kwa saa, masaa 25 kwa wiki kila mmoja, saiti bure na hela ya mafuta ya safari. Hapo ndo ningetakiwa nisimame. Msimu uliopita South Dakota sisi wenyewe tulifanya masaa 20 kwa wiki kila mmoja kulipia saiti tu, masaa ya juu yake ndo tukawa tunalipwa, dola 13. Nilijua bei ya soko halafu bado nikataka iwe kweli, maana tulikuwa tumeishiwa.

Interviu ilikuwa ya meseji tupu. Nikimwambia tupigiane anasema mtandao kwenye mlima ni mbovu, mi nikaelewa maana hata Quartzsite mtandao unasumbua. Akatuma barua ya ajira ina logo, ina sahihi, na fomu ya kujaza. Halafu akasema kuna hundi inakuja ya dola 2,850, tubaki na 600 ya mafuta, zinazobaki 2,250 tumlipe kwa Zelle (njia ya kutuma hela benki kwa benki kwa simu) fundi anayeshona yunifomu na kututengenezea vitambulisho, eti kampuni inapenda wafanyakazi walipie wenyewe ili wapate saizi sahihi.

Hundi ikaja kwa kurier kwenye sanduku tunalokodi pale mjini. Niliishika mkononi, karatasi nzito, ina ile alama ya maji ukiinua kwenye mwanga. Ila jina lililoandikwa juu lilikuwa la duka la fanicha la jimbo lingine kabisa. Mume wangu akauliza mbona fanicha, nikamuuliza yule meneja, akajibu ni mmiliki huyo huyo ana biashara nyingi. Tukaridhika! Jumanne tukaipiga picha kwa simu kuiingiza, Alhamisi hela ikasoma kwenye akaunti, Alhamisi hiyo hiyo nikatuma 1,250 na Ijumaa 1,000.

Sasa hapa nataka mnielewe vizuri kwa sababu wote walioliwa niliozungumza nao wameanguka hapa hapa. Hela kusoma kwenye akaunti SIO hundi kulipwa. Sheria inailazimisha benki ikuruhusu kutumia hela ndani ya siku chache, lakini hundi yenyewe kurudi kule ilikotoka na kugundulika ni feki inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ikidunda benki inaitoa hela yote kwako, na deni ni lako hata kama wewe ndo uliyetapeliwa. Na Zelle ni kama noti mkononi, ukishampa mtu kwa hiari yako imekwenda. Ndo maana tapeli anakuharakisha, anataka utume kabla hundi haijadunda. Yani mtu yeyote akikutumia hundi halafu akakwambia sehemu ya hela umrudishie au umtumie mwenzake, hiyo sio kazi, iwe kempu iwe kulea mtoto iwe kuuza gari.

Sisi tulijulia njiani. Tulitoka Quartzsite tukapita Las Vegas, Salt Lake City, trela inakula mafuta hatari, tukafika Idaho Falls siku ya 11 tangu tuweke hundi, mume wangu anachomeka kadi kwenye pampu, imekataa. Anajaribu tena, imekataa. Nafungua akaunti naona namba nyekundu, ina alama ya kutoa mbele. Nilikaa kwenye kiti cha gari sikuweza kusema kitu. Kwenye droo ya trela tulikuwa na kama dola 140 za akiba, tukaweka mafuta kwa hiyo tukamalizia zile maili mia na kidogo kwa sababu hatukuwa na pengine pa kwenda.

Getini kwenyewe theluji bado imerundikwa pembeni, ofisi haijafunguliwa kwa wageni, dada mmoja anapaka rangi meza. Nikampa barua. Akaisoma taratibu, akanitazama, akasema logo ni yetu ila huyu mtu hatumjui, na nyie ni wa pili wiki hii. Waliotangulia walikuwa wazee wametoka Texas, wao walilipishwa dola 300 ya "kushikilia saiti". Yule dada Mungu ambariki, alituacha tulale pale siku 3 bila kulipa.

Tulichofanya baada ya hapo na wewe ufanye kama yamekukuta: tulipiga benki, tukaripoti reportfraud.ftc.gov na ic3.gov ya FBI, tukaenda IdentityTheft.gov kwa sababu ya zile namba, na tukafunga kredit zetu, ili mtu asikope kwa jina letu, kwa kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote 3, sio moja. Kufunga ni bure tangu 2018, usikubali mtu akutoze. Hela haijarudi na sitegemei.

Kazi za kweli zipo jamani, sitaki mtu aogope akaacha. Za kujitolea kwenye hifadhi za taifa na misitu ya serikali ziko volunteer.gov, wengi wanatoa saiti. Mwisho wa Septemba na Oktoba kuna kazi ya kuvuna viazi sukari (sugar beets, vya kutengenezea sukari) bonde la Red River, Minnesota na North Dakota, shifti ya masaa 12 na baridi kali lakini wanalipa, tumefanya misimu 2. Kempu ya kweli ukitafuta namba yake mwenyewe, sio ile uliyotumiwa, ukapiga, mtu anapokea au anarudisha simu. Mwambie akutembeze kwa video akuonyeshe bomba na boksi la umeme la saiti yako. Fomu ya I-9 (ya kuthibitisha unaruhusiwa kufanya kazi) na W-4 (ya kodi) zinakuja ukishaajiriwa, hazijazwi kwenye meseji na mtu hujasikia hata sauti yake.

Na nyie wa nyumbani, binamu yangu wa Tanga kanirushia tangazo la WhatsApp, kempu Marekani wanaajiri, viza na nyumba bure, tuma laki 4 kwa M-Pesa. Msitume. Kazi ya msimu kama hii ikiwa na viza ya H-2B, mwajiri ndo anayeanza kukuombea huku, na haruhusiwi kukutoza hela ya kukupatia kazi, yeye wala wakala wake.

Jamaa bado yupo, kabadilisha jina na sasa anasema kempu iko Michigan, ila picha anayotuma, ya ziwa na boti nyekundu, ni ile ile aliyotutumia sisi. Ukipata barua ya hivyo nitumie skrinshoti inbox, yule dada wa Montana anazikusanya abandike pale getini.