Kordoma ya sakramu: kuukwangua uvimbe au kuutoa mzima?

Kordoma ni saratani adimu: kwa mwaka huwapata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1, mara nyingi kwenye sakramu, mfupa ulio juu ya kifandugu. Kuukwangua uvimbe vipande vipande ni upasuaji mwepesi zaidi, lakini chembe zinazomwagika huota tena palepale. Kuutoa mzima, ukiwa umezungukwa na tishu zenye afya, hupunguza sana hatari hiyo. Mimi naiunga mkono njia hii kila inapowezekana. Ila mishipa ya fahamu ya S2 na S3 (jozi ya pili na ya tatu zinazotoka kwenye sakramu) ikikatwa pande zote mbili, mgonjwa hushindwa kuzuia mkojo na choo. Aelezwe hayo waziwazi kabla hajasaini. Na sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe cha kupima ipitie mgongoni, kamwe isipitie njia ya haja kubwa, ili tundu lake liondolewe pamoja na uvimbe.