Uzoefu Wangu na Santuri Mbili za Queen: Greatest Hits

Toleo la Greatest Hits, mkusanyo wa nyimbo maarufu za bendi ya roki ya Uingereza, Queen, ninalolizungumzia ni lile la santuri mbili lililotolewa mwaka 2016, ambalo limekuwa likizunguka kwenye mashine yangu karibu kila wikendi. Mkusanyo wenyewe ulitoka Oktoba 1981, na mwaka 2022 ukawa albamu ya kwanza katika historia ya chati za Uingereza kufikisha mauzo milioni 7. Filamu ya mwaka 2018 kuhusu bendi hiyo iliwarudisha kwenye masikio ya vijana wasiowahi kuwaona jukwaani, na mwaka 2020 albamu yao ya maonyesho, wakiwa na mwimbaji Adam Lambert, ikashika namba moja nchini Uingereza, jambo ambalo lilikuwa halijawatokea tangu albamu yao Made in Heaven ya mwaka 1995.

Takwimu hizo hata hivyo zisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa tangu mwaka 2015 chati ya albamu ya Uingereza huhesabu pia nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni, na mkusanyo uliojaa nyimbo maarufu hunufaika na utaratibu huo kuliko albamu ya kawaida. Kwangu mimi, swali lenye maana ni kama santuri hizi zinampa msikilizaji kitu ambacho simu yake haimpi.

Zinampa. Nyimbo 17 zenye urefu wa karibu saa nzima zilibanwa kwenye santuri moja mwaka 1981, na upande wa santuri unapobeba karibu nusu saa ya muziki, mifereji ambamo sindano hupita hulazimika kusogeleana, sauti ikapungua nguvu, hasa ile ya chini. Zikigawanywa kwenye santuri mbili, kila wimbo unapata nafasi yake. Gitaa la besi la John Deacon katika Another One Bites the Dust, ambalo kwenye spika ndogo husikika kama mdundo tu, hapa linasikika noti kwa noti, pamoja na ukimya mfupi ulioachwa kati ya noti hizo. We Will Rock You nayo inaanika ufundi wake: hakuna dramu wala besi, bali vishindo vya miguu na makofi yaliyorekodiwa tabaka juu ya tabaka, hadi gitaa la Brian May linapoingia mwishoni. Sauti ya mwimbaji wao wa awali, Freddie Mercury, katika Somebody to Love sina haja ya kuisifu, ingawa nakiri kwamba kwa sisi watu wa pwani, kujua kuwa alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 hutufanya tumsikilize kwa upendeleo kidogo.

Kasoro zipo. Bei ni kubwa, na gharama ya usafirishaji huiongeza zaidi. Santuri ya pili niliyoletewa kwanza ilikuwa imepinda ukingoni kiasi cha kuifanya sindano ipande na kushuka, na muuzaji alinibadilishia baada ya kumtumia picha mara kadhaa. Kuinuka kugeuza upande baada ya nyimbo nne au tano huwachosha wageni, wala si kila wimbo unastahili nafasi yake: Flash, pamoja na maneno ya filamu yaliyopachikwa ndani yake, unakatiza mtiririko wa upande wa mwisho, na ninauruka kila mara.

Anayemiliki santuri moja ya zamani katika hali nzuri aitunze, kwa kuwa ina thamani yake. Anayenunua kwa mara ya kwanza achukue hili la santuri mbili, ilimradi mashine yake ina sindano nzima, maana sindano iliyochakaa itaziharibu ndani ya muda mfupi. Ajue pia kwamba Under Pressure, wimbo walioimba na David Bowie, haumo humu. Umo kwenye Greatest Hits II ya mwaka 1991, ambayo tayari nimeiagiza, safari hii kwa muuzaji mwingine.