iPhone 11 ya mtumba au Galaxy A16 mpya: laki sita yako iende wapi?

Ukiingia Kariakoo na laki tano hadi sita mfukoni, maduka mengi yatakuwekea mezani simu mbili zinazogombania pesa hiyo hiyo. Moja ni iPhone 11 iliyotumika, imefutwa vizuri na kubandikwa protekta mpya. Nyingine ni Samsung Galaxy A16, mpya ndani ya boksi. Ya kwanza utaambiwa "hii ni iPhone, bosi," na ya pili utaambiwa ina megapikseli 50. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linalokusaidia kuchagua. Kinachoamua ni mambo ambayo hayaandikwi kwenye bango: simu itapata apdeti hadi lini, ina nafasi kiasi gani, betri yake ni ya nani, na siku kioo kikipasuka fundi ataigusa vipi.

Tuanze na apdeti, maana ndiko hesabu inakogeukia. iPhone 11 ilitoka Septemba 2019. iOS 26, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, lilipotoka Septemba 2025, liliziacha nje iPhone XR, XS na XS Max za mwaka 2018, na iPhone 11 ikabaki kuwa ya zamani kuliko zote zinazolipokea. Kwa hiyo unanunua simu iliyosimama mwisho wa foleni. Haitazimika siku ikiachwa. Apple huendelea kwa muda kutoa marekebisho ya usalama kwa mifumo ya nyuma, na programu nyingi huchukua miaka kabla ya kuikataa simu. WhatsApp, kwa mfano, mwaka 2025 bado ilikuwa inakubali kuanzia iOS 15.1. Lakini saa imeshaanza kuhesabu. A16 imetoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na Android 14, na Samsung imeahidi kuipa matoleo sita ya Android na miaka sita ya marekebisho ya usalama, yaani hadi 2030. Kwa simu ya bei hii hiyo ni ahadi nzito, na kwetu ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua. Usiihamishie ahadi hiyo kwa kila Samsung, wala kwa Tecno au Infinix iliyo jirani yake kabatini. Kila toleo lina yake, na muuzaji asiyeijua atakujibu "inapata zote".

Ukishawishiwa kushuka hadi iPhone X au 8 kwa sababu bei ni nafuu, ujue zote mbili ziliishia iOS 16. Huko usiende.

Kama moyo uko kwa iPhone, basi ikague mwenyewe, dukani, kabla pesa haijatoka. Fungua Settings, kisha General, kisha About. Kwenye Model Number, herufi ya kwanza inasimulia simu ilivyozaliwa: M iliuzwa ikiwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple na kuuzwa upya, N ilitolewa kumbadilishia mteja. Gusa namba hiyo hiyo, itageuka na kuanza na A. A2111 ni ya soko la Marekani na Kanada, A2221 ni ya nchi nyingi zilizobaki, na A2223 ni ya China, Hong Kong na Macau. Kwa mtu mwenye laini mbili za pesa hili si jambo dogo: A2223 inaingia laini mbili za kawaida, lakini zile nyingine mbili zinaingia laini moja tu, ya pili iwe eSIM, yaani laini ya kielektroniki isiyo na kadi. Wengi hugundua hivyo wakishafika nyumbani, laini ya Airtel ikiwa mkononi na pa kuiweka hakuna.

Shuka chini kidogo kwenye ukurasa huo huo, tafuta Carrier Lock. Inatakiwa iseme No SIM restrictions. Ikisema vingine, simu imefungwa kwa mtandao wa ng'ambo, na kama inashika laini yako basi kuna kachipu kembamba kamebandikwa juu ya laini ndani ya trei. Toa trei, angalia kwa macho. Simu ya chipu hufanya kazi leo, na apdeti moja tu inatosha kuiondoa hewani. Bei yake iwe ya chini sana au iache.

Kisha betri: Settings, Battery, Battery Health. Hapa ndipo watu wengi wanapofurahia jambo la kuwatia wasiwasi. Apple husema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji. Simu ya 2019 ikikuonyesha asilimia 100, ama imebadilishwa betri ama namba imechezewa. Kubadilisha betri si dhambi. Unachotaka kujua ni betri gani imewekwa, na jibu liko kule kule kwenye About, chini ya Parts and Service History. Ikiandika Genuine Apple Part, safi. Ikiandika Unknown Part, ni ya mtaani, na ungepaswa kuambiwa kabla ya kupewa bei. Sehemu hiyo isipoonekana kabisa, mara nyingi ina maana hakuna kilichobadilishwa, ingawa wapo mafundi wanaohamisha kachipu ka betri ya zamani kwenda betri mpya ili simu isiseme kitu. Kwa hiyo asilimia 88 bila ujumbe wowote inaaminika kuliko 100 bila ujumbe.

Kwenye kioo kuna jambo ambalo linastahili dakika tano zako. Vuta Control Center, bonyeza na kushikilia kipimo cha mwanga. Kitufe cha True Tone, kile kinacholinganisha rangi za kioo na mwanga wa mahali ulipo, kinatakiwa kuwepo. Kikikosekana, kioo kimebadilishwa na taarifa za kile cha zamani hazikuhamishwa. Baada ya hapo sajili uso wako upya kwenye Face ID, usiridhike na kuambiwa "inafanya kazi, nimeitoa tu". Sababu ni hii: katika iPhone 11, spika ya sikioni iko kwenye waya mmoja mwembamba pamoja na taa isiyoonekana ambayo Face ID huitumia kuangaza uso, na waya huo umegandishwa nyuma ya kioo. Fundi akibadilisha kioo lazima aubandue kwa joto na kuuhamishia kwenye kioo kipya. Ukichanika au ukiingia maji, Face ID imekufa, na ukinunua waya mwingine haurudishi kitu, kwa kuwa ule wa kwanza umefungwa na bodi ya simu ile peke yake. Wapo mafundi wenye mashine za kuhamisha kachipu kake, lakini ni wachache na kazi yao si ya bei ya chai. Jambo jema ni kwamba kioo cha iPhone 11 ni LCD, kwa hiyo kukibadilisha ni nafuu kuliko vioo vya OLED vya 11 Pro, yaani "macho matatu", na vya iPhone 12.

Malizia kwa kuhakikisha iCloud, yaani akaunti ya Apple, ya mwenye simu wa kwanza imetoka. Futa simu yote, iwashe upya mbele ya muuzaji. Ikiomba barua pepe na nywila ya mtu mwingine, iache hapo hapo mezani.

A16 haihitaji upelelezi wa namna hiyo, ila kuna mawili. Bonyeza *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ukiwa Tanzania au 1555 ukiwa Kenya. Zoezi hili halijaisha umuhimu: Kenya ilizizima simu bandia 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016. La pili, kama unauziwa "imetumika wiki mbili tu", iwashe kuanzia mwanzo ikiwa na intaneti. Simu za kulipia kidogo kidogo hufungwa kwenye seva, si kwenye memori, kwa hiyo kuiflashi hakuondoi deni. Ikikuandikia wakati wa kuwasha kwamba inasimamiwa na kampuni au taasisi, huenda deni halijaisha.

Kwa matumizi ya siku, tofauti zinaonekana haraka. A16 ina betri ya mAh 5,000 dhidi ya 3,110, kioo cha AMOLED chenye vitone 1080 kwa 2340 dhidi ya 828 kwa 1792, na chaji ya wati 25 ikiwa unayo chaja yenyewe, jambo la kuuliza kabla ya kulipa kwani mara nyingi ndani ya boksi kuna waya tu. Inakubali memori kadi, ila kadi inakaa mahali pa laini ya pili: laini mbili au laini na kadi, si vyote. iPhone 11 haina kadi kabisa, na nyingi zinazokuja mtumba ni za GB 64. Mfumo ukichukua chake na WhatsApp ikichukua yake, video za harusi moja zinatosha kuijaza. Tafuta ya GB 128 au usinunue. iCloud ya bure ni GB 5 tu. Google inatoa 15, ingawa sasa nakala za WhatsApp kwenye Android nazo zinahesabiwa humo.

Upande ambao iPhone 11 inashinda bila ubishi ni video na kasi. Inarekodi 4K kwa fremu 60, na lenzi yake kuu inatuliza mtikisiko. A16 inaishia 1080p kwa fremu 30 na lenzi haitulizwi. Ukitembea huku unarekodi, picha inaruka. Chipu yake ya A13 ya 2019 bado inaiacha mbali chipu ya Helio G99 iliyo ndani ya A16 ya 4G. Mtu anayeishi kwa kupiga video za bidhaa zake na kuzipandisha Instagram ana haki ya kuichukua iPhone na kuvumilia mengine. Anayetumia simu kwa WhatsApp, pesa na simu za kawaida hatauona ushindi huo.

Sasa matangazo, maana ndiyo yanayowafanya watu wachague vibaya. Megapikseli 50 kwa kawaida hazikupi picha ya megapikseli 50. Kamera huunganisha vitone vinne kuwa kimoja na kutoa picha ya 12.5 hivi, na nyingi za 108 huunganisha tisa kutoa 12. iPhone 11 ina 12 toka mwanzo. "RAM 16GB" kwenye bango la simu ya bei ndogo mara nyingi ni 8 halisi na 8 za kuazima kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi. Uliza RAM halisi tu.

Kuhusu maji, kampuni zote mbili zimeadhibiwa. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa kutangaza kwamba simu zake zinastahimili maji bila kueleza wazi masharti, na wakati huo huo kukataa kuzitengeneza chini ya dhamana zikiingia maji. Juni 2022 mahakama Australia iliitoza Samsung dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo ya Galaxy zikitumika kwenye mabwawa na baharini. iPhone 11 ilipotoka kiwandani ilikuwa IP68, mita 2 kwa dakika 30. Ya mtumba iliyowahi kufunguliwa na fundi imeshapoteza gundi yake; ichukulie kama haina kinga yoyote. A16 ni IP54, yaani matone tu.

Hata kejeli za kampuni hizi usizinunue. Oktoba 2020 Apple iliondoa chaja kwenye boksi, Samsung ikaicheka hadharani mtandaoni. Miezi michache baadaye Galaxy S21 ya Samsung ikatoka bila chaja na chapisho lile likafutwa. Na ule ugomvi wa meseji za kijani na za bluu ni wa Wamarekani wanaotumia iMessage, programu ya meseji ya Apple inayoonyesha za iPhone kwa bluu na za Android kwa kijani. Hapa kwetu kila mtu yuko WhatsApp, na huko hakuna anayejua unatumia simu gani.

Jambo la mwisho la kupanga kabla ya kuhama kutoka Android kwenda iPhone: mazungumzo ya WhatsApp. Nakala iliyo Google Drive haifunguki kwenye iPhone. Njia ni programu ya Move to iOS, nayo inataka iPhone iwe mpya au imefutwa yote, ile hatua ya kuwasha mara ya kwanza. Ukishaanza kuitumia, itabidi uifute na kuanza tena. Kwa hiyo ukishaikagua dukani, ifute na uifikishe nyumbani hivyo hivyo, chomeka simu zote mbili kwenye umeme, ziweke kwenye Wi-Fi moja, na hamisha chati kabla hujaweka kitu kingine. Risiti yenye IMEI ihifadhi mahali pengine, si ndani ya simu hiyo hiyo.