Gboard katika nyumba yenye lugha tatu

Mtoto wa Wete au Mkoani anaamka na Kipemba cha bibi, asubuhi yuko skuli na vitabu vya Kiingereza, alasiri yuko chuoni, kwenye masomo ya Kurani, na Kiarabu chake, na usiku anashika simu ya mama kumwandikia ami yake aliyeko Maskati. Lugha zote zinakutana kwenye simu ile, na mwamuzi wao ni kibodi. Gboard ni kibodi ya bure ya Google, na simu nyingi za Android zinakuja nayo. Tunaipima kwa jambo moja tu: je, inamwacha mtu aandike kama wanavyosema kwao?

Inamwacha, lakini mpaka uikalie kitako kwanza. Ikiwa imewashwa Kiingereza peke yake, kila neno la Kiswahili kwake ni Kiingereza kilichokosewa. Hii iko herufi moja na hi, bibi iko herufi moja na bib, na skuli, neno letu kabisa, iko herufi moja na skull, yaani fuvu. Mtoto akiona maneno ya kwao yanapigiwa mstari mwekundu kila siku, anapata somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha. Na Kiingereza hakihitaji kubebwa zaidi: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilikwisha kukipa hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano.

Kuiweka sawa ni kazi ya dakika kumi. Fungua ujumbe wowote kibodi itokeze, gusa alama ya gurudumu la meno juu yake (huenda imejificha ndani ya alama ya viboksi vinne), ingia sehemu ya lugha, kisha ongeza kibodi. Chagua Kiswahili cha Tanzania. Cha Kenya kipo kando yake, usichanganye. Rudia kwa Kiarabu. Fanya haya ukiwa na bando, kwa sababu maneno ya kila lugha hupakuliwa mtandaoni, na bila ya hayo utapata herufi tu pasi na mapendekezo.

Wengi wanaishia hapo na ndipo wanapokosea. Ndani ya lugha yenyewe kuna kiboksi cha kuandika kwa lugha zaidi ya moja. Kikitiwa alama, Kiswahili na Kiingereza vinafanya kazi pamoja kwenye herufi zilezile, na sentensi inayoanzia huku na kumalizikia kule haigeuki vita. Kiarabu hakiingii humo kwa kuwa kina herufi zake. Unahamia kwenye Kiarabu kwa kugusa alama ya dunia, au kwa kukandamiza kitufe cha nafasi mpaka orodha ya lugha itoke.

Kisha zima kurekebisha maneno bila ya kuulizwa, uache mapendekezo tu. Huu ndio ushauri wenye thamani kuliko yote humu. Kibodi ikipendekeza, mtu anachagua. Ikirekebisha, ujumbe umeshatoka na aibu yake.

Kuhusu lahaja, Gboard haina Kipemba, Kitumbatu wala Kimakunduchi katika orodha yake. Haishangazi, ila inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. Dawa ni kamusi ya binafsi, nayo imo katika mipangilio hiyohiyo: chagua lugha, gusa alama ya kujumlisha, andika neno. Tia ntu, ntoto na nke kama bibi anavyotamka. Jaribu na tungule, mbatata, danzi na chei chei. Lolote litakalopigiwa mstari, litie. Maneno thelathini ya mwanzo yanatosha kuona tofauti.

Kamusi hiyo ina nafasi ya pili, ya kifupisho, ambayo watu hawaigusi. Andika asl hapo, na Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh inakuja nzima kwenye mapendekezo. Ifanyie hivyo ng'ombe pia: kifupisho ngombe, neno ng'ombe. Kidoto cha juu kiko ukurasa wa alama, na uvivu wa kukifuata huko ndio unaoua ng' ya Kiswahili kwenye simu. Neno bovu likishajifunzwa, likandamize pale kwenye mapendekezo ulivute mpaka kwenye kikapu cha taka.

Wazee wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wamesaidiwa bila ya kuambiwa. Kandamiza ب upate پ, ج upate چ, ف upate ڤ, na ك upate گ. Hizo ndizo p, ch, v na g ambazo Kiarabu hakina. Upungufu ni kwamba mapendekezo yanabaki ya Kiarabu, kwa hiyo unaandika herufi kwa herufi kama uliyeshika kalamu.

Kuandika kwa sauti, ambako Google ilikuongezea Kiswahili mwaka 2017, hapa kunapata alama ndogo. Kunamfaa anayesema Kiswahili cha redioni, polepole, penye utulivu. Ntoto akitamkwa ntoto, usitarajie kumuona hivyo kwenye kioo. Na kuna mkanganyo unaowasumbua wakubwa: maikrofoni ziko mbili. Ya kwenye kibodi inageuza maneno kuwa maandishi. Ya WhatsApp, pembeni mwa sehemu ya kuandikia, inapeleka sauti yenyewe. Bibi muonyeshe hiyo ya pili. Aikandamize mpaka amalize kusema, kisha aachie, na Kipemba chake kitafika Maskati hakijasahihishwa na mtu.