Semina ya kujitambua ya likizo, Sinza: nyota tatu na nusu

Kwa wanaouliza kama inafaa, inafaa, ila nina la kusema. Nimewapeleka wote wawili, kaka wa fom wani na mdogo wake wa kike wa darasa la sita. Elfu thelathini kwa mtoto, wali maharage na soda humo humo. Ukumbi joto balaa, mpe maji ya kutosha.

Nilichopenda, somo la hedhi wavulana hawakutolewa nje, yani kaka mtu karudi anajua mpaka pedi inavyotumika na amekoma kumcheka mdogo wake. Ndoto nyevu nazo zikaelezwa vizuri tu. Viungo vya mwili wakavitaja kwa majina yake, sio sijui "huko chini", maana mtoto akichezewa lazima aweze kusema kaguswa wapi, hata akifika dawati la jinsia polisi wamuelewe. Wakapewa na namba 116 ya kupiga bure, ile ya msaada kwa watoto. Halafu ile ya bodaboda wa lifti na chipsi, na mjomba wa "usimwambie mama", watoto wakaigiza wenyewe, hapo nawapa pongezi.

Sasa walipoharibu. Kulikuwa na boksi la maswali, unaandika bila jina, binti ananiambia mtu kauliza kondomu inazuia mimba kweli, mwezeshaji akasema mkikua mtajua, akachukua karatasi nyingine. We dada, mtoto si ameshauliza! Usipomjibu wewe atajibiwa na mshkaji wa TikTok kwamba mara ya kwanza mimba haiingii. Inaingia! Na kondomu ikitumiwa vizuri inazuia mimba na VVU, na kumwambia asubiri unamwambia hapo hapo, havigombani. Utafiti wa serikali wa 2022 unaonyesha wasichana kama 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba, sasa hao nao waliambiwa wakikua watajua?

Ila kinachoniuma zaidi ni hiyo elfu thelathini yenyewe. Jirani yangu anauza vitumbua na ana mabinti watatu, tisini elfu anaitoa wapi? Tanzania yetu ilikubali Cape Town Desemba 2013, pamoja na wenzetu wa mashariki na kusini mwa Afrika, kwamba vijana wapate elimu ya ujinsia, na 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi shule, safi sana, lakini mbona tunamsubiri azae kwanza? Sisi uzazi tulisoma kwenye Biolojia fom thrii, mwalimu anachora mirija ubaoni hatuangalii usoni, na kuna wenzetu walishaondoka na mimba tangu fom two. Hata kungwi alikuwa anawahi kuliko hivyo! Kiwe kipindi kwenye ratiba, shule za kata zote, na mwalimu aliyeandaliwa asiyeona aibu, hata kama hawa wa Sinza watakosa wateja.

Kwa sasa mwenye uwezo ampeleke, kuanzia darasa la tano hivi, na jioni yake muulize maswali gani yalirukwa umjibu mwenyewe. Lipia mapema, nafasi zinajaa.