Chaja ya USB-C ya wati 65 kwa kompyuta mpakato ya mtumba: uzoefu wangu

Niliponunua ThinkPad T480 ya mtumba pale Kariakoo, muuzaji alinieleza mapema kwamba mashine imekuja bila chaja, ila nisiwe na wasiwasi kwa kuwa inachajiwa kwa USB-C na chaja za aina hiyo zimejaa kila duka. Kuhusu kujaa alisema kweli. Nililipa shilingi 35,000 kwa chaja nyeupe ya matundu mawili, iliyoandikwa 65W usoni kwa tarakimu kubwa, nikarudi nayo nyumbani.

Wiki mbili za mwanzo betri ilijaa kwa mwendo wa kobe, na kila nilipofungua majedwali ya hesabu za vikoba ninavyovitunzia vitabu huku nikiwa kwenye kikao cha video, asilimia zilisimama palepale au zilishuka ilhali waya umechomekwa. Nilidhani ni uzee wa betri, nikampelekea fundi. Yeye hakuigusa betri kwanza. Aliigeuza chaja, akamulika kwa tochi ya simu maandishi madogo ya kijivu ambayo sikuwahi kuyasoma: tundu la kwanza 20V kwa 2.25A, tundu la pili 9V kwa 2.22A.

“Mama, zidisha mwenyewe,” akaniambia.

Nilizidisha volti (V) kwa ampea (A) ili nipate wati. Tundu la kwanza linatoa wati 45 na la pili wati 20. Ile 65 ya usoni ni jumla ya yote mawili, wala hakuna tundu linaloweza kuitoa peke yake. Akachomeka katikati ya waya na kompyuta kipimo kidogo chenye kioo, kikasoma 19.9V na 2.1A, yaani wati 42 hivi. Chini ya kompyuta yenyewe pameandikwa 20V, 3.25A/2.25A, maana yake inakubali wati 65 au 45. Kwa hiyo chaja haikuwa feki. Ilikuwa ndogo kwa kazi zangu, na aliyechora boksi lake alijua vizuri mnunuzi huangalia wapi.

Tangu siku hiyo, nikishika chaja dukani naanza na mstari wa 20V. Chaja ya simu isiyo na mstari huo naiacha, hata kama imeandikwa 67W, kwa sababu chaja nyingi za simu, hasa zile za tundu pana la zamani, hufikia wati hizo kwa simu za kampuni yao tu. Hofu ya kwamba chaja kubwa itaunguza kompyuta ndogo nimeiacha pia. Katika utaratibu wa USB Power Delivery chaja huanza na volti 5, hutangaza viwango inavyoweza kutoa, na kompyuta huchagua kinachoifaa. Chaja ya wati 100 ikichomekwa kwenye mashine ya wati 45 itatoa kile tu ambacho mashine imekiomba.

Chaja ya pili niliilipia shilingi 85,000. Ni ya teknolojia ya GaN (galiamu naitraidi, badala ya silikoni ya kawaida), ndogo kuliko ya kwanza licha ya nguvu zake, na nyuma yake pameandikwa wazi: tundu la kwanza likitumika peke yake 65W, yakitumika yote mawili 45W na 20W. Ilinibidi ninunue na waya mwingine. Waya wa kawaida wa USB-C pande zote mbili hubeba ampea 3, na ampea 3 kwa volti 20 ni wati 60, basi. Ukitaka kuvuka hapo unahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu ndani inayojitambulisha kwa chaja. Tofauti ya wati 5 ni ndogo na wala nisingeigombania, ila waya wangu wa zamani ulikuwa umeanza kulegea kwenye tundu.

Kwa mpangilio huo betri ilijaa vizuri na majedwali hayakuishusha tena. Kasoro yake niliigundua jioni moja ya kufunga hesabu. Kufikia wakati huo betri ya mtumba ilikuwa imechoka kabisa na mashine ilikuwa ikiishi kwa umeme wa chaja tu. Binti yangu akaja taratibu, akachomeka simu yake kwenye tundu la pili, na kioo changu kikawa cheusi papo hapo. Chaja za namna hii, zinapopata mgeni kwenye tundu la pili, nyingi hukata umeme kwa sekunde moja au mbili ili zigawe nguvu upya. Kompyuta yenye betri nzima haitikisiki, lakini yangu ilizimika na marejesho ya wanachama 19 niliyokuwa sijayahifadhi.

Kuhusu plagi nitasema machache. Tundu zetu za ukutani ni za pini tatu bapa, nami nilichukua chaja yenye pini hizo hizo, kwa sababu ile ya kwanza, ya pini mbili za mviringo, ilikaa kwenye adapta, ikining'inia kwa uzito wake na kutoa cheche kila ilipoguswa. Maduka yataendelea kujaa chaja za USB-C, maana Umoja wa Ulaya umepanga kwamba kuanzia 28 Aprili 2026 kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo la kuchajia, na mitumba yetu mingi hutoka huko.

Nimeshabadilisha betri. Hata hivyo, tundu la pili la chaja nimelifunika kwa kipande cha selotepu nyeusi, na binti yangu amerithi ile chaja nyeupe.